Dharura Chuoni: Hatua za Kuchukua Siku ya Kwanza

Familia nyingi hujiandaa kwa miaka kadhaa kabla ya kumpeleka kijana wao chuoni. Ada hukadiriwa, godoro na ndoo hununuliwa, nauli ya basi hutengwa, na usiku wa kuamkia safari wazee hutoa nasaha zao. Jambo ambalo kwa kawaida halizungumzwi ni siku ambayo mipango hiyo itavurugika: fedha za mkopo hazijaingia, simu iliyobeba akiba yote imeibwa, mwenye nyumba amebadili kufuli, au mzazi aliyekuwa akilipa ada amefariki dunia katikati ya muhula. Siku ya namna hiyo haibagui mwenye bidii na mzembe.

Dharura yenyewe si lazima iharibu masomo. Mara nyingi kinachoyaharibu ni mambo mawili yanayofuata nyuma yake: ukimya na haraka. Ukimya ni kumficha yule mwenye uwezo wa kusaidia. Haraka ni kumkimbilia yule anayeuza nafuu ya papo kwa papo. Mwanafunzi anayenyamaza mbele ya chuo chake, kisha akapokea fedha kwa mtu asiyemjua, huanza muhula akiwa na tatizo moja na kuumaliza akiwa na matatu. Makala haya yanaeleza namna ya kuepuka mambo hayo mawili, kwa kufuata taratibu zinazotumika Tanzania Bara.

Mlango wa kwanza ni kusema

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Msemo huu unafaa sana chuoni, kwa kuwa taratibu nyingi za vyuo humlinda mwanafunzi aliyetoa taarifa, wala hazina namna ya kumlinda aliyekaa kimya.

Chukua mfano wa wanafunzi wawili waliougua wakati wa mitihani. Wa kwanza alifika hospitali, akapata taarifa ya daktari, akaiwasilisha chuoni pamoja na barua kabla mtihani haujafanyika au mara tu alipopata nafuu. Huyu anaweza kuruhusiwa kufanya mtihani maalumu kwa wakati mwingine. Wa pili alilala chumbani kwake akitumaini kwamba mwalimu atamwelewa baadaye. Katika kumbukumbu za chuo, huyu hakufanya mtihani bila sababu, na anaweza kuhesabiwa kuwa amefeli. Ugonjwa wao ulikuwa mmoja. Tofauti yao ni karatasi iliyofika ofisini kwa wakati.

Hali ni hiyo hiyo kwa mwanafunzi ambaye hawezi kuendelea na muhula. Anayeomba kwa maandishi kuahirisha masomo, na akakubaliwa, nafasi yake hubaki. Anayerudi nyumbani kimyakimya huhesabiwa kuwa ameacha chuo, na kurejea kwake huwa kugumu.

Katika chuo kuna watu ambao kazi yao ni kusikiliza mambo ya aina hii. Mshauri wa Wanafunzi hushughulikia makazi, afya na ustawi. Afisa mikopo hushughulikia masuala ya Bodi ya Mikopo. Ofisi ya fedha hupokea maombi ya kulipa ada kwa awamu. Mkuu wa idara hupokea taarifa za kukosa vipindi na mitihani. Dawati la jinsia hupokea taarifa za unyanyasaji, ikiwemo rushwa ya ngono, ambayo pia huripotiwa TAKUKURU kwa simu namba 113 bila malipo. Viongozi wa serikali ya wanafunzi wanaweza kukusindikiza iwapo unaona haya kwenda peke yako. Usiyejua pa kuanzia, anza kwa Mshauri wa Wanafunzi, yeye atakuelekeza.

Popote utakapokwenda, acha maandishi. Barua fupi yenye tarehe, jina, namba ya usajili, maelezo ya tatizo na ombi lako inatosha. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mazungumzo ya mdomo husahaulika, hata pale ambapo kila mtu alikuwa na nia njema.

Fedha za mkopo zinapochelewa

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005. Fedha za chakula na malazi hulipwa kwa awamu katika mwaka wa masomo, wala haziji zote kwa mara moja. Kwa hiyo kuchelewa kwa awamu moja ni jambo ambalo kila mnufaika anapaswa kulitarajia na kujiwekea akiba kidogo kwa ajili yake.

Fedha zisipoingia wakati wenzako wamepata, usianze kwa kulalamika mitandaoni. Anza kwa kutafuta sababu, kwa maana sababu nyingi hurekebishika. Je, umekamilisha usajili wa muhula? Je, umesaini malipo kwa utaratibu uliotangazwa chuoni? Je, namba ya akaunti ya benki ni sahihi, na akaunti yenyewe bado iko hai? Je, jina lililo benki linafanana na lililo katika cheti cha kidato cha nne? Je, matokeo yako ya mwaka uliopita yamekwishafikishwa Bodi? Je, ulihama chuo au kubadili kozi? Nenda kwa afisa mikopo ukiwa na majibu ya maswali hayo pamoja na kitambulisho chako, na umwombe akuonyeshe mahali malipo yalipokwama.

Aliyekosa mkopo, au aliyepewa kiasi kisichotosha, hana sababu ya kukata tamaa mara moja. Bodi hufungua dirisha la rufaa kwa muda maalumu, na dirisha likifungwa limefungwa. Hali ya uhitaji inaweza pia kubadilika baada ya maombi ya awali kutumwa. Iwapo mzazi amefariki dunia, cheti cha kifo kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ni ushahidi muhimu. Familia iliyo katika majonzi huchelewa kufuatilia cheti hicho, na ucheleweshaji huo unaweza kumgharimu mtoto mwaka mzima. Mjomba, shangazi au ndugu mwingine apewe jukumu hilo mapema.

Kumbuka pia kwamba hakuna mtumishi halali atakayekuomba fedha kwa simu yake binafsi ili jina lako liingizwe katika orodha ya wanufaika. Malipo ya serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo. Anayekwambia utume "kitu kidogo" kwa namba yake ni tapeli au ni mla rushwa, na kwa vyovyote vile hutapata ulichoahidiwa kwa haki.

Mkopo wa dakika tano

Mwanafunzi aliyekwama kifedha hukutana na tangazo katika simu yake: mkopo bila dhamana, ndani ya dakika tano. Hapa ndipo haraka huuza bidhaa yake. Wananchi wameipa mikopo ya aina hii jina linalojieleza lenyewe: kausha damu.

Tufanye hesabu ya mfano. Mwanafunzi ameomba shilingi 100,000. Baada ya makato yanayoitwa ada ya huduma, anapokea 80,000, na anatakiwa kurejesha 100,000 baada ya siku saba. Kwa kweli amekopa 80,000 na kulipa riba ya 20,000, ambayo ni asilimia 25 kwa wiki moja. Siku ya saba hana kitu. Anaruhusiwa kuongeza wiki kwa kulipa 20,000. Akifanya hivyo mara nne, atakuwa amelipa 80,000, kiasi kile kile alichopokea, na deni la 100,000 bado limesimama pale pale.

Gharama nyingine haimo katika hesabu hiyo. Baadhi ya programu hizo huomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina katika simu yako. Ukichelewa kulipa, ujumbe wa kukudhalilisha hutumwa kwa wazazi, walimu na marafiki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa zako dhidi ya matumizi ya namna hiyo, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko. Hata hivyo, ni rahisi zaidi kukataa ruhusa leo kuliko kufuta aibu kesho.

Biashara ya kukopesha inahitaji leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya kukopesha kwa njia ya mtandao yaliyokuwa yakifanya kazi bila idhini. Kabla ya kukopa, hakiki jina la mkopeshaji katika orodha ya wenye leseni iliyo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kisha uliza maswali matatu, nawe udai majibu kwa maandishi: nitapokea kiasi gani mkononi, nitarejesha kiasi gani kwa jumla, na nikichelewa siku moja itakuwaje? Asiyejibu maswali hayo hastahili kukukopesha.

Ikiwa tayari umenaswa, usikope kwa mwingine ili kumlipa wa kwanza. Hifadhi ujumbe wote, orodhesha ulichopokea na ulichokwisha lipa, mweleze mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini, kisha wasilisha malalamiko yako.

Chumba kinapogeuka kuwa mtego

Vyumba vya chuo havitoshi kila mahali, hivyo wanafunzi wengi hupanga mitaani. Kwa kawaida mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, naye dalali hudai malipo yake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Fedha nyingi kiasi hicho, zikiwa mikononi mwa kijana aliyefika mjini jana, huwavutia matapeli. Hila iliyozoeleka ni ya kumwonyesha chumba kimoja mwanafunzi zaidi ya mmoja, kuchukua malipo ya kila mmoja, kisha kuzima simu.

Kinga yake ni rahisi ingawa inahitaji subira. Onana na mwenye nyumba mwenyewe. Fika ofisi ya serikali ya mtaa, ueleze kwamba unakusudia kupanga nyumba fulani, na uulize mmiliki wake ni nani. Mlipe mwenye nyumba, si dalali, na udai stakabadhi. Hakikisha mkataba umeandikwa na unataja kiasi cha kodi, tarehe ya kuanza na kumalizika, masharti ya kurejeshewa fedha ukihama mapema, na muda wa notisi. Eleza pia malipo ya maji na umeme yatagawanywa vipi. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa unaponunua umeme wa LUKU. Kodi hiyo ni wajibu wa mwenye nyumba, kwa hiyo kubalianeni mapema ni vipi atakayenunua umeme atafidiwa.

Mgogoro ukitokea, usivunje kufuli wala usibishane usiku. Nenda serikali ya mtaa ukiwa na mkataba na stakabadhi, na umjulishe Mshauri wa Wanafunzi. Mwanafunzi mwenye mkataba husikilizwa kama mpangaji. Asiye nao huanza kwa kuthibitisha kwamba aliwahi kulipa.

Simu au vyeti vikipotea

Kwa mwanafunzi wa leo simu ni pochi, ni daftari na ni kitambulisho. Ikiibwa, dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Azima simu ya mwenzako na upige namba 100 ya huduma kwa wateja wa mtandao wako ili laini yako ifungwe. Ijulishe benki yako. Badili nywila za barua pepe na za mfumo wa chuo kwa kutumia kompyuta ya kuaminika. Kisha pata taarifa ya upotevu kutoka polisi, na uende duka la mtandao wako kurejesha laini kwa alama za vidole. Namba ya utambulisho wa simu yako, ambayo huonekana ukibonyeza *#06#, iandike leo katika daftari, kwa kuwa hutaweza kuiona simu ikiwa haipo.

Jihadhari pia na wanaoiba bila kugusa simu. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" umewaliza wengi kwa sababu humkuta mtu ambaye kweli anatarajia kutuma pesa. Wazazi nao hupigiwa simu na kuambiwa kwamba mtoto wao yuko hospitali na fedha zinahitajika mara moja. Familia ikubaliane mapema kwamba hakuna fedha itakayotumwa kabla ya kumpigia mwanafunzi mwenyewe, au mwenzake wa chumba, kwa namba iliyokwisha hifadhiwa. Namba ya tapeli huripotiwa kwa kuituma kwenda 15040, na ukibonyeza *106# utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa. Uliyetuma fedha kwa makosa piga 100 papo hapo. Fedha zikiwa bado hazijatolewa, upo uwezekano wa kuzizuia.

Kuhusu vyeti, utaratibu ni wa taarifa ya polisi kwanza, kisha maombi kwa mamlaka iliyotoa cheti: Baraza la Mitihani kwa vyeti vya sekondari, RITA kwa cheti cha kuzaliwa. Usitembee na vyeti halisi ndani ya daladala. Nakala iliyothibitishwa hutosha kwa shughuli nyingi.

Ugonjwa, msiba na moyo uliolemewa

Vyuo vingi humtaka mwanafunzi awe na bima ya afya, na kwa miaka mingi mchango wa mwanafunzi katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Kulipa si mwisho wa safari. Hakiki kwamba kadi au namba yako inafanya kazi kabla hujaugua, na ujue ni kituo kipi cha karibu kinachoipokea.

Msiba wa nyumbani una haraka yake ya halali, lakini barua ya ruhusa haichukui zaidi ya robo saa. Iandike kabla ya kupanda basi, au umtume mwenzako aipeleke.

Lipo pia jambo ambalo familia hulizungumza kwa nadra. Mwanafunzi aliyefeli na kuondolewa chuoni, hali ambayo wanafunzi wenyewe huiita kudisko, wakati mwingine huendelea kuishi mjini kana kwamba bado anasoma. Kila muhula hupokea ada kutoka kwa mzazi aliyeuza mahindi au ng'ombe, na kila siku uwongo huo huzidi kuwa mzito, mpaka siku ya mahafali ambayo haipo. Hapa anayeumia si mwanafunzi peke yake. Kijana aliyefika hapo anaweza bado kuomba upya, kubadili kozi au kuanza ngazi ya stashahada, lakini njia hizo zote huanzia katika sentensi moja ngumu mbele ya mzazi. Nasi tunawaomba wazazi waipokee sentensi hiyo kwa utulivu. Mtoto anayejua kwamba atasikilizwa kabla ya kukaripiwa husema mapema, wakati fedha na muda bado vipo.

Anayejiona amelemewa, asiyelala, au anayewaza kujidhuru, asibaki peke yake. Amwambie mtu aliye karibu naye leo hii, afike kwa mtoa ushauri nasaha wa chuo au hospitali yoyote. Aliyeambiwa asimwache peke yake mpaka msaada upatikane.

Malalamiko yanayosikilizwa

Mlaji anayelalamika kwa mpangilio husikilizwa upesi zaidi. Anza kwa aliyekuuzia huduma, kwa maandishi, ukieleza tarehe, kiasi na unachotaka kifanyike. Ambatisha stakabadhi au picha ya ujumbe. Asipojibu, peleka nakala hizo kwa mamlaka husika: Benki Kuu kwa mikopo na benki, Mamlaka ya Mawasiliano kwa mitandao ya simu, Tume ya Ushindani kwa bidhaa bandia na hadaa katika biashara. Kwa masuala ya chuo, maliza kwanza ngazi za ndani ya chuo kabla ya kufika Tume ya Vyuo Vikuu.

Kazi ya siku ya utulivu

Yote yaliyoelezwa hapo juu huwa mepesi kwa aliyejiandaa siku ambayo hakuna tatizo. Tenga saa moja wiki hii ufanye mambo yafuatayo:

1. Andika katika daftari, si katika simu pekee, namba za mzazi, mwenzako wa chumba, Mshauri wa Wanafunzi, afisa mikopo na benki.
2. Hifadhi nakala za vyeti, kitambulisho, mkataba wa chumba na stakabadhi za ada mahali pawili tofauti.
3. Soma kanuni za mitihani na za kuahirisha masomo za chuo chako, na uweke alama penye tarehe za mwisho.
4. Kila fedha inapoingia, tenga kwanza nauli ya kufika nyumbani. Akiba hiyo isiguswe kwa jambo jingine.
5. Kubaliana na familia ni nani atakayepigiwa simu kwanza mambo yakiharibika.

Jambo la tano ndilo kubwa kuliko yote. Mwanafunzi anayejua ni nani wa kumpigia hatakuwa na sababu ya kunyamaza, wala hatamkimbilia mgeni anayeahidi fedha ndani ya dakika tano.